Muuzaji Anasema ni ya Miaka ya 1920: Lebo ya Chama Inasemaje?

Haya watazamaji wangu, karibuni. Mezani leo kuna pama ya felti, rangi ya kahawia, imetengenezwa Marekani. Muuzaji anainadi kuwa ni ya miaka ya 1920, na bei kaipandisha kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa nje sina neno. Felti haijaliwa na nondo, utepe uko sawa, ukingo umenyooka. Kazi iko ndani. Angalieni hapa: naukunja huu mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso. Nyuma yake, pale ncha zinapokutana, mnaona vikaratasi viwili vimeshonewa? Kimoja ni cha saizi. Hiki kingine kilichofifia ndicho lebo ya chama cha wafanyakazi, ya kuonyesha kwamba kofia imetengenezwa na wanachama wake. Watu wengi husoma jina la kampuni lililopigwa chapa juu ya ngozi, wakaridhika, hiki wasikione kabisa.

Nasoma: United Hatters, Cap and Millinery Workers International Union. Basi, habari ya 1920 imeishia hapo! Chama chenye jina hilo kilizaliwa 1934, pale United Hatters of North America, kilichokuwapo tangu 1896, kilipoungana na chama cha washona kepu na kofia za kike. Jina hilo likadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikaingia ndani ya chama kikubwa cha wafanyakazi wa nguo. Ukikuta jina fupi la zamani peke yake, hapo ndipo uanze kufikiria kofia ya kabla ya 1934.

Hiyo lebo ya zamani ina kituko chake. Ilitobolewa kingo zote nne kama stempu ya posta, na chama kilitangaza magazetini kwamba za bandia hutobolewa kingo tatu au mbili tu. Mtu aghushi kikaratasi kidogo namna hii? Ndiyo, kwa sababu kilikuwa na nguvu sokoni: mfanyakazi mwenye msimamo hakununua kofia isiyo nacho. Mkajionee kesi ya Danbury, mji wa kofia kule Connecticut. Chama kilisusia kofia za kiwanda cha Dietrich Loewe, yeye akaenda mahakamani, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba mgomo ule wa wanunuzi ulivunja sheria. Mafundi wa kawaida walizuiliwa nyumba na akiba zao benki, na kesi ikamalizwa 1917 kwa malipo ya dola 234,000 hivi.

Kukosa lebo nako hakuthibitishi kitu. Matangazo yale yale ya chama yaliitaja John B. Stetson ya Philadelphia kwamba si kampuni ya chama. Kwa hiyo Stetson kuukuu isiyo na lebo isikutie wasiwasi.

Turudi kwenye yetu. Kati ya 1934 na miaka ya 1980 ni kipindi kirefu mno, lazima tukibane. Kwenye bitana, pembeni ya jina la kampuni, kuna herufi R ndani ya duara. Alama hiyo ya nembo iliyosajiliwa inatokana na sheria ya 1946 iliyoanza kutumika Julai 1947, kwa hiyo tumevuka Vita vya Pili vya Dunia. Ukingo una sentimita sita na ushee. Kufikia miaka ya 1960 mitindo ilikuwa imeupunguza sana. Mimi naiweka miaka ya 1950.

Ila kagueni mshono kwanza. Ngozi hubadilishwa kofia ikipelekwa kwa fundi, na lebo huondoka au huja na ngozi hiyo. Hapa uzi ni ule ule mzunguko mzima na matundu ni ya mara moja, naiamini.

Faida nyingine ya kujua umri: viwanda vya felti vya Marekani vilitumia zebaki, ambayo ni sumu, kuyafanya manyoya yashikamane hadi mwishoni mwa 1941. Ingekuwa kweli ya 1920, ningekwambia iweke kabatini, usiivae kwenye jasho.

Hukumu yangu: kofia safi, ya kuvaliwa, naipa nane kwa kumi. Bei ndiyo siikubali. Mwonyeshe muuzaji lebo, mlipe bei ya kofia ya miaka ya 1950, akikataa mwachie kofia yake.