Kitabu cha Padri Kapaun, kitafuteni

Nimemaliza jana usiku kitabu cha maisha ya Padri Emil Kapaun, yule padri wa jeshi la Marekani aliyetekwa Unsan kwenye vita vya Korea, Novemba 1950, na aisee nimelia. Pale anapousukuma pembeni mtutu wa askari wa Kichina aliyetaka kummaliza Sajenti Miller aliyelala mtaroni kaumia, halafu anambeba mwenyewe, nimeparudia mara tatu. Kambini anaiba chakula awape wafungwa wenzake, anakunja mabati yawe sufuria za kuchemshia maji. Kafia hukohuko Mei 1951, mabaki yake yakaja kutambuliwa 2021! Utoto wake Kansas wameupitia harakaharaka na maandishi ni madogo yanaumiza macho, ila nyota tano nawapa.