Karatasi za meli za BI nilizoagiza Uingereza: uzoefu wangu

Bahasha imenifikia Mombasa baada ya wiki sita, na nianze na jinsi ilivyofungwa, maana hapo ndipo wauzaji wengi huharibu. Kadibodi ngumu mbili, katikati karatasi laini, juu plastiki isiyopitisha unyevu. Kwetu pwani unyevu ni adui. Karatasi ya miaka 70 ikipitisha masika moja bila kufunikwa huota madoa ya rangi ya kutu, na hayo hayatoki tena.

Nilinunua fungu la vitu vitatu vya kampuni ya meli ya British India, ambayo wazee wa bandari ya Kilindini waliijua kama BI: menyu ya SS Kenya ya mwaka 1957, lebo ya mzigo, na ramani ya sitaha za SS Uganda. Meli hizo mbili ni pacha, zilijengwa Glasgow na kuanza safari 1951 na 1952. Zilitoka London, zikapita Port Said na Aden, zikafika Mombasa, kisha zikashuka Dar es Salaam na Beira. Marehemu babu yangu alikuwa mchukuzi bandarini. Alituambia meli ya BI huijui kwa jina, waijua kwa dohani, bomba lake la moshi: nyeusi, yenye mistari miwili myeupe. Ikisogea karibu ukasoma jina, basi laishia na a. Kampala, Karanja, Kenya, Uganda.

Menyu ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Ukipitisha kidole juu ya maandishi unahisi herufi zilivyozama kwenye karatasi, dalili ya chapa ya zamani. Nakala za siku hizi ni laini tupu, na chini ya kioo cha kukuzia utaona vidoti vya rangi rangi. Nyuma yake kuna saini saba za wino. Abiria walikuwa na desturi ya kutiliana saini kwenye menyu safari ikikaribia kuisha, kwa hiyo saini hizo haziiharibu, zaipandisha thamani.

Lebo ni kikaratasi kidogo, lakini nimeishika muda mrefu. Kazi yake ilikuwa kumwambia mchukuzi begi liende wapi: kabini kwa mwenyewe, au chini kabisa likae huko hadi mwisho wa safari. Katika fungu zima, ni kitu hiki pekee ambacho mikono ya babu ingekitambua.

Tatizo lilikuwa ramani. Tangazo lilisema ni ya miaka ya 1950, ya njia ya Afrika Mashariki. Nikaifungua mezani, nikakuta mabweni na madarasa! Hiyo ni Uganda nyingine. Mwaka 1967 iliondolewa kwenye njia yetu, ikapelekwa Hamburg kugeuzwa meli ya safari za wanafunzi. Iliyokuwa ikibeba abiria takriban 300 ikawa na nafasi ya wanafunzi wapatao 900. Mwaka 1982 ikatumika kama meli ya hospitali katika vita vya Falklands. Historia hiyo ni kubwa na naiheshimu, ila si ya Kilindini. Ukitafuta vitu vya Uganda, jihadhari sana hapa, kwa sababu beji na ramani nyingi zinazouzwa Uingereza ni za enzi za wanafunzi. Angalia tarehe, angalia bandari zilizotajwa. Ukiona bweni, bei ishuke.

Nilimwandikia muuzaji nikamtumia picha. Baada ya siku mbili akanirudishia nusu ya pesa na kuniambia ramani nibaki nayo. Hakubishana. Kwa hilo nitanunua kwake tena, ingawa gharama ya posta ilikaribia bei ya menyu yenyewe. Nampa nyota nne.

Kwa anayeanza, ningesema anza na karatasi, vijiko na sahani viache kwanza. Kijiko chenye nembo ya BI ni kizuri, lakini mara nyingi hakikwambii kilikuwa meli gani wala mwaka gani. Karatasi ina jina na tarehe.

Ninachokitamani bado sijakipata. Kampala na Karanja zilibeba mamia ya abiria wa deki kati ya Bombay na pwani yetu, watu waliolala juu ya mikeka yao, na hao ndio babu za wengi wetu hapa. Wa daraja la kwanza waliweka menyu zao kama kumbukumbu. Wa deki alikuwa na tiketi tu, tena akaitoa. Nimemwachia muuzaji oda: tiketi ya deki ya Karanja, Mombasa hadi Bombay, hata kama imechanika.