Mashine ya santuri: ipi ununue ukiwa Lamu

Kabla ya kuuliza bei, fungua kasha la santuri ulilorithi. Toa sahani zote ulizoachiwa uzitenge mafungu matatu kwa kasi yake, yaani mizunguko kwa dakika: za 78, za 45 na za 33. Mimi sikufanya hivyo. Kasha la marehemu babu lilipofunguliwa, pupa ilinishika, nikaenda Mombasa nikarudi na kimashine cha umbo la mkoba, chekundu, kizuri kama kitu cha bibi harusi. Haukupita mwezi, sahani ya taarabu ya 45, ya lebo ya Mzuri ya Mombasa, ikaanza kukwaruza palepale ambapo udi ulikuwa ukisikika safi. Ndiyo maana orodha hii naianzia mkiani.

Ya mwisho: mashine za mkoba. Sindano yake hukandamiza sahani kwa gramu tano au zaidi, ilhali sindano njema hutosheka na kama mbili. Mkono unaoshika sindano hauna uzani wa kurekebisha, kwa hiyo huna la kufanya. Na spika zimo ndani ya sanduku lilelile, zikivuma zinaitikisa sindano. Muuzaji atakwambia inacheza kasi zote tatu. Kweli inazunguka kwa 78, ila kwa sindano ileile nyembamba, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika.

Maana 78 si kasi tu. Sahani hizo ni za shelaki, nzito, ukiiangusha inapasuka kama kigae. Ndizo alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Mfereji wake ni mpana, na ncha ya sindano inayoufaa ni nene karibu mara nne kuliko ya sahani za vinili, yaani za 33 na 45, zilizoanza kuingia sokoni mwaka 1948. Ukitia sindano nyembamba humo, inatambaa chini ya mfereji kwenye vumbi la miaka, unasikia mvua badala ya waimbaji. Ukitia nene kwenye vinili, unaichimba.

Ya nne: gramafoni ya pembe. Inunue kama unataka pambo la sebuleni. Ile ya asili hutumia sindano ya chuma inayobadilishwa kila upande wa sahani, na kichwa chake ni kizito mno. Vinili usithubutu kuiweka humo kabisa. Halafu chunguza: ziko zinazoungwaungwa India kwa vipande vipya na shaba ya kung'aa, zikauzwa kama za enzi za mabibi zetu. Shaba yenyewe kwa hewa ya chumvi utaisugua mpaka uchoke.

Ya tatu: Audio-Technica AT-LP60X. Kama kasha lako halina hata sahani moja ya 78, ishia hapa na uokoe pesa. Unabonyeza kitufe, mkono unajiendea wenyewe, na sahani ikiisha unarudi; bibi yangu angeipenda kwa hilo tu. Sindano hubadilishwa, na ndani ina kikuza sauti cha awali (pre-amp), kinachoipa nguvu sauti dhaifu ya sindano, unachomeka moja kwa moja kwenye spika zenye amplifaya. Huzungushwa kwa mkanda wa mpira, na mpira na joto letu hawapatani sana, basi tia mkanda wa akiba kwenye hesabu.

Ya pili: Technics SL-1200MK2 iliyotumika. Ilitoka mwaka 1979 na bado madiji wanaigombania. Haina mkanda, mota inazungusha sahani moja kwa moja, na ukiipata iliyotunzwa utairithisha. Kwa nini basi si ya kwanza? Haina 78. Haina kikuza sauti cha awali ndani, utanunua kando. Na bei yake ni ya watu wenye pesa. Ukiletewa ya kuuza, shika mkono wake kwa vidole viwili uutikise taratibu: ukicheza kama jino bovu, mrudishie mwenyewe.

Ya kwanza: Audio-Technica AT-LP120X. Bei yake ni kama mara mbili ya LP60X, lakini ina kasi zote tatu, haina mkanda, uzani wa mkono unarekebishika, na kichwa chake hupokea sindano nene ya 78 iitwayo AT-VMN95SP. Unachomoa moja, unachomeka nyingine, unaongeza uzani. Mwenye kasha mchanganyiko kama langu hana haja ya kutafuta zaidi.

Tahadhari kwa wenye ndugu ughaibuni. Mashine kongwe ya Marekani imetengenezewa umeme wa volti 120 na hezi 60, yaani umeme unaopiga mara 60 kwa sekunde. Wetu ni 240 na 50. Transfoma itashusha volti, hezi haitazigusa. Mota nyingi za zamani hufuata hezi, kwa hiyo 33 inakuwa kama 28, na mwimbaji anasikika kama ameamshwa usingizini. Mwambie ndugu atume sindano badala yake.

Pa kuiweka nako ni kazi. Orofa zetu za boriti hutetemeka mtu akipita, na sindano inaruka. Ukuta wa matumbawe hautikisiki, lakini usikimbilie zidaka kabla ya kupima. Mashine nyingi ni pana kuliko unavyodhani. Mimi nimepigilia rafu ukutani, mbali na dirisha linalopokea kusi. Mashine ifunikwe, sahani zisimame wima, zisilazwe, zisiguswe na jua. Sahani za vinili zilizoota ukungu zisafishe kwa maji yaliyochujwa na kitambaa laini. Za 78 usizipake spiriti hata tone, huyeyusha shelaki.

Sindano ya almasi hudumu kama saa 500 hadi 1,000, basi agiza ya akiba siku ileile unayoagiza mashine.

Na mzigo ukifika Mokowe, upande wa bara, uwe mwenyewe gatini. Hakikisha sahani kubwa ya alumini inayobeba santuri imetolewa, uzani umefunguliwa na mkono umefungwa kwa uzi kabla haujashushwa kwenye boti. Upande huu wa kisiwani mpe mtu aubebe kichwani mpaka Langoni, maana mkokoteni kwenye vichochoro vyetu hurusha hata gunia la mchele.