Jezi za chupa za plastiki: uzoefu wa timu yetu ya mtaani, Tanga

Timu yetu ya maveterani hapa Ngamiani iliagiza seti nzima ya jezi zilizotengenezwa kwa chupa za maji zilizokwisha kutumika. Mtunza vifaa ni mimi, kufua na kuanika ni juu yangu, kwa hiyo haya nimeyaona kwenye beseni.

Kitambaa kwanza. Wenzangu walidhani kitakuwa kigumu kama mfuko wa saruji. Wapi! Ni poliesta ileile tuliyoizoea, ila badala ya kuanzia kwenye mafuta ghafi, chupa zimesagwa, zikayeyushwa, zikavutwa kuwa nyuzi. Kwa joto letu hili inakauka upesi, na rangi haijachuja. Wala si jambo geni: Kombe la Dunia la 2010, Brazil, Ureno na Uholanzi walivaa jezi za Nike za aina hii, moja ikila mpaka chupa nane.

Tatizo ni namba. Zimebandikwa kwa moto, na ile 7 ya winga wetu ilianza kuinuka kwenye kona, mara ikabanduka yote, mgongoni ikabaki gundi inayokamata kila vumbi la uwanjani. Nikamwandikia muuzaji. "Tutalifanyia kazi," kisha kimya. Sasa jezi ya chupa ikitupwa baada ya msimu mmoja, faida yake iko wapi? Brentford ya Uingereza hawakuhitaji hata kitambaa kipya: jezi yao ya nyumbani ya 2021/22 waliivaa tena 2022/23, basi. Siku Coastal Union wakithubutu hivyo, nitashangilia Mkwakwani mpaka sauti ikauke, ingawa najua mauzo ya jezi mpya ni matamu.

Halafu kila jezi ilikuja ndani ya nailoni yake. Najua katazo la mifuko la Juni 2019 haligusi vifungashio vya namna hii, lakini kuuza jezi ya chupa halafu kuivisha nailoni, jamani!

Kwenye kufua: kama poliesta yoyote, hupukutisha vinyuzi vidogo mno, na maji yetu ya kufulia mwisho wake ni baharini. Mimi naloweka kwa maji baridi, nasugua kwa mkono, brashi siigusi. Hata harufu ya jasho inatoka, ukiwahi kuloweka siku ileile ya mechi.

Namba tulizipeleka kwa fundi cherehani, akakata za kitambaa na kuzishona pembeni zote. Zimekuwa nzito kidogo mgongoni, golikipa analalamika (huyu hulalamikia kila kitu), ila hazijacheza. Ukitaka kuagiza, chukua jezi tupu bila namba, bei inashuka, na mwambie muuzaji azifunge zote pamoja kwenye boksi moja. Nyota tatu kati ya tano. Msimu ujao tunaagiza bukta tu.