Fimbo ya Dropshoti: Pima Inavyolemea Mbele Kabla ya Kulipa

Malalamiko yanayonifikia zaidi kuhusu fimbo za dropshoti, yaani mtindo wa kumvua samaki aitwaye besi kwa ndoano iliyofungwa juu ya chubwi, ni ya kifundo cha mkono. Mtu amenunua fimbo inayosifiwa kila mahali kwa wepesi wake, gramu zake zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, na bado baada ya saa chache za kutikisa chambo kifundo kinauma, vidole vinakaza mpini bila mwenyewe kujua, na besi anachukua chambo na kukitema kabla mvuvi hajahisi kitu. Wengi hujilaumu kwamba hawana mkono wa kazi hiyo, ilhali ukiwauliza maswali mawili matatu unagundua kwamba fimbo yao inalemea mbele, na hakuna aliyewaambia kwamba hilo ni jambo la kupimwa kabla ya kulipa.

Yale yanayoandikwa katika kila mwongozo nitayapita haraka. Kwa besi wa mdomo mpana na wa mdomo mdogo, fimbo ya rili ya spini, ile inayoning'inia chini ya fimbo, yenye urefu wa kati ya mita 2.03 na 2.18, nguvu ya kati-nyepesi, inayopinda karibu na ncha, inatosha. Itarusha chubwi za gramu 3.5 hadi 10 bila shida, ikiwa na uzi wa kusuka kwenye rili na kipande cha florokaboni, mshipi usioonekana kirahisi majini, kinachohimili ratili 6 hadi 8 mbele yake. Karibu kila mtengenezaji anayeheshimika ana fimbo ya namna hiyo, kwa hiyo vigezo hivyo havikusaidii kuchagua kati ya fimbo mbili zilizosimama pamoja ukutani.

Kinachosaidia ni kuelewa dropshoti inaudai nini mkono. Ndoano hufungwa kwa fundo la Palomar, chubwi ikakaa chini yake kwa sentimita 20 hadi 50, na chambo kikaelea juu ya sakafu ya ziwa mahali pale pale. Mtindo huu ulipata umaarufu Japani kabla ya kuenea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na uzuri wake ni kwamba unambembeleza samaki ambaye hataki kufukuza kitu. Huirushi na kuirudisha fimbo muda wote; unaishika imeinuka kidogo, unatikisa ncha yake kwa mtetemo mdogo sana huku mshipi ukiwa umelegea kiasi, kisha unasubiri, kisha unatikisa tena. Mara nyingi besi hagongi kabisa. Hufyonza chambo na kukaa nacho, na dalili pekee unayoipata ni kwamba mshipi umekuwa mzito kidogo kuliko ulivyokuwa sekunde iliyopita. Mkono ambao tayari unapambana na ncha inayotaka kuanguka hauwezi kuusikia uzito mdogo kama huo, kwa sababu misuli iliyokazwa haina nafasi ya kuhisi.

Hapa ndipo hesabu ya gramu inapowapoteza wanunuzi. Uzito unaouhisi kwenye kifundo hautegemei gramu peke yake, unategemea pia umbali wa gramu hizo kutoka mkononi. Gramu 5 zilizo sentimita 150 mbele ya mkono zinahitaji gramu 30 zilizo sentimita 25 nyuma yake ili fimbo isimame sawa. Mtengenezaji anayetaka namba ndogo kwenye tangazo hupunguza pale panapopunguzika kwa urahisi, yaani kwenye mpini: anaukata na kuacha pengo katikati, anaondoa kifuniko kizito cha kitako, anaufupisha. Fimbo inakuwa nyepesi kwenye mizani, huku ncha, ambayo ndiyo iliyopaswa kupunguzwa, ikibaki vile vile na sasa haina kitu cha kuisawazisha. Ukiongeza rili ya kisasa iliyo nyepesi mno, hali inazidi kuharibika, kwa maana kwenye fimbo inayolemea mbele rili ndiyo uzito uliokuwa unavuta upande wa nyuma. Nimeona watu wakilipa mara mbili, kwanza kwa fimbo nyepesi na kisha kwa rili nyepesi, na kila malipo yakaongeza maumivu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Funga kwenye fimbo rili utakayoitumia, ikiwa na mshipi, siyo rili ya dukani. Iweke fimbo ilale juu ya kidole kimoja, kidole kikigusa mbele kabisa ya mguu wa rili, kisha uachie. Ncha ikishuka, sogeza kidole mbele kidogo kidogo mpaka fimbo itulie. Kati ya mguu wa rili na hapo ilipotulia pakiingia vidole viwili, hiyo ni fimbo nzuri. Pakiingia vinne bado inavumilika kwa siku fupi. Zaidi ya hapo mimi siichukui, hata iwe na jina gani. Rudia kipimo hicho ukiwa umeishika kama utakavyoishika majini, mguu wa rili ukipita kati ya kidole cha kati na cha pete, ncha ikiwa juu, na uitikise kwa dakika nzima bila kupumzika. Dakika moja ni fupi kwenye mashua lakini dukani inatosha kuitambua fimbo mbaya.

Pete za kupitishia mshipi nazo zina mchango wao, kwa sababu ndizo zinazokaa mbali zaidi na mkono. Fremu za titani ni nyepesi kuliko za chuma cha pua, na pete ndogo za mtengenezaji Fuji, za mpangilio wake uitwao KR, hupunguza uzito katika nusu ya mbele ya fimbo. Angalizo ni moja tu: fundo linalounganisha uzi wa kusuka na florokaboni lazima lipite ndani ya pete hizo bila kukwama, na kwa hilo fundo la FG, ambalo ni jembamba, ndilo ninalolipendekeza.

Sasa nije kwenye fimbo zenyewe. Nafasi ya kwanza naipa Dobyns Champion XP 702SF, na sifichi kwamba nina upendeleo na kampuni hii. Kwenye mizani kuna fimbo nyingi zinazoishinda, lakini Dobyns ni miongoni mwa wachache wanaoujenga mpini kwa kuufikiria usawa wa fimbo nzima, na tofauti hiyo unaihisi mara tu unapoinua ncha. Hata jina lake linasomeka kwa urahisi: 70 ni futi 7 kamili, 2 ni kiwango cha nguvu, S ni spini, na F ni kupinda kwa haraka. Chubwi ndogo inaifanya ncha ipinde inavyostahili, na katikati ya fimbo pana nguvu ya kutosha kumwinua besi mkubwa bila kukata florokaboni nyembamba. Ndoano za dropshoti ni ndogo na zenye waya mwembamba, kwa hiyo unakaza mshipi kwa kuzungusha rili huku ukiinua fimbo taratibu, na hii inaifanya kazi hiyo bila kusukumwa. Asiyeweza kuifikia bei yake atafute Fury 702SF ya kampuni hiyo hiyo. Kaboni yake ni ya daraja la chini na hisia inapungua kwa kiasi kinachoonekana, lakini mkono hautakulaumu.

Ya pili ni G. Loomis NRX+ 822S DSR, ambayo urefu wake ni inchi 82, yaani kama mita 2.08. Wao wanaufikia usawa kwa njia nyingine, kwa kuufanya mwili wa fimbo kuwa mwembamba na mwepesi kiasi kwamba ncha haina uzito mwingi wa kusawazishwa. Kwa hisia peke yake ningeiweka juu ya Dobyns. Kinachoishusha ni bei, ambayo haiwezi kutetewa mbele ya mtu anayetaka fimbo ya mtindo mmoja tu wa kuvua.

St. Croix, watengenezaji wa Park Falls, Wisconsin, tangu 1948, nawaweka nafasi ya tatu. Fimbo zao za Avid na Legend ni za kuaminika na zinadumu, ila usawa wake hubadilika kutoka urefu mmoja hadi mwingine, hivyo chukua fupi badala ya ndefu. Shimano Poison Adrena inafuata. Mpini wake wa nyuma ni wa kaboni iliyo tupu ndani, jambo linalosafirisha mtetemo vizuri sana hadi kiganjani, lakini kitako kitupu hakina uzito wa kuirudisha ncha juu, kwa hiyo ipime na rili yako bila kukosa.

Kwa bei ya chini kabisa ipo Ugly Stik, inayochanganya nyuzi za kioo na kaboni. Haivunjiki kirahisi. Kwa dropshoti inalemea mbele mno.

Aliyekwisha kununua anaweza kuongeza uzito wa gramu 15 hadi 25 kwenye kitako, na atashangaa fimbo iliyoongezwa uzito inavyohisiwa kuwa nyepesi. Hata hivyo dawa hiyo ina kikomo, kwa sababu uzito mkubwa kwenye miisho yote miwili huifanya fimbo iwe nzito kutikisika, na mtetemo ule mdogo unaombembeleza besi unageuka kuwa mawimbi makubwa yanayomtisha.

Linaloniudhi ni kwamba wauzaji wanaijua kasoro hii vizuri. Fimbo zinafungwa pamoja kwa vibanio vya plastiki ili mtu asiweze hata kuichomoa moja, na ukiomba kufunga rili yako unaambiwa kwamba kiti cha rili kitachubuka, kana kwamba hakikutengenezwa kwa ajili ya kufungwa rili. Neno dropshoti linabandikwa kwenye fimbo yoyote nyembamba, na kila mpini unapokatwa zaidi bei inapanda, yaani mnunuzi analipishwa zaidi kwa kitu kilichopunguzwa. Anayenunua kwa kuagiza yuko pabaya zaidi, kwa kuwa kurejesha kifurushi cha mita 2 kunaweza kula sehemu kubwa ya pesa zake. Huyo namshauri amwandikie muuzaji kabla ya kulipa, amtajie uzito wa rili yake, na amwombe picha ya fimbo ikiwa imelala juu ya kidole na rili ya uzito huo, rula ikiwa kando yake. Duka linaloshindwa kutuma picha hiyo moja lisipewe pesa.