TAHADHARI: Dalali wa hatua 184, Kimara Korogwe

Jamani, anayetafuta nyumba Kimara, maeneo ya kituo cha Korogwe, asitoe hata mia kabla hajasoma hapa. Nimepigwa 2,450,000. Mtu mzima na ndevu zangu, mchana kweupe, na risiti nikaandikiwa.

Mnajua nilivyohangaika tangu mama aje kukaa nami. Kwangu Tabata ni ghorofani, nyuma ya ukuta kuna ukumbi wa sherehe, matarumbeta na MC mpaka usiku wa manane, na ile presha yake. Hospitali ya Muhimbili kila mwezi. Gari hajawahi kuendesha, mimi mwenyewe sina, bodaboda hapandi, na daladala zinamwonea kwa yale magoti: konda anapiga bati mguu mmoja bado uko chini. Anachopenda ni mwendokasi, maana sakafu ya basi iko sawa na jukwaa la kituo, anaingia kama anaingia sebuleni. Akishuka kituo cha Fire, bajaji kidogo, amefika Muhimbili. Kwa hiyo dalali nilimwambia mambo mawili tu, karibu na mwendokasi na pawe kimya.

Akanichukua Jumanne saa 4 asubuhi. Shati la kitenge, ana mwanya, anaongea taratibu kama anayefariji wafiwa. Tulipovuka Barabara ya Morogoro akasimama: "Kaka, mimi usiniamini. Hesabu hatua mwenyewe." Nikahesabu, tena kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Hatua 184 mpaka getini. Pale getini akaweka kidole mdomoni. "Sikiliza." Nikasikiliza. Kunguru tu.

Ndani, chini ya mwarobaini, amekaa mama wa makamo, ungo mapajani, anachambua mchele. Hakuinuka. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba radhi kwamba mikono ina vumbi. Akawa anatoa vijiwe kimoja kimoja anaviweka kwenye pindo la kanga huku ananihoji: mama yako anasali wapi, anaamka saa ngapi, wajukuu watakuja wangapi. Eti mpangaji aliyepita alileta spika, akamtoa ndani ya wiki. Akauliza mama ni mtu wa wapi. Nikamjibu Korogwe, ile ya Tanga. Alicheka mpaka mchele ukamwagika: "Basi anatoka Korogwe anakuja Korogwe!"

Hapo ndipo nilipokwisha. Niambieni, mwizi gani anachambua mchele? Na hakuniomba hela hata kidogo. Alisema kuna mtu mwingine wa benki ameshaiona, anamsubiri. Mimi ndiye niliyembembeleza anipokelee kodi ya miezi 6, kwa 350,000 kila mwezi, na ya mwezi mmoja juu yake ya dalali. Nilituma nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, nakunywa maji yake.

Mkataba nao. Ulikuwa umechapwa vizuri, ila kila mahali pa "mpangaji" pameandikwa "mpagaji". Nikatoa kalamu yangu nikawasahihishia sehemu zote 9, nikatia saini. Dalali akanisifu, "Msomi huyu."

Jumamosi jioni tukafika na kirikuu, mama amekaa mbele na dereva, amepakata birika lake. Getini tukakuta dada mmoja na godoro, mtoto mgongoni, na kijana na friji. Funguo zetu tatu hazikufungua kitu. Jirani akatoka, akatuonea huruma ile ya kuchoka, akasema nyumba hiyo inapangishwa kwa siku, wageni wanakuja wanaondoka. Yule mama alikaa siku 4, jana yake akaondoka na ungo wake.

Yule dada akanionyesha mkataba wake. Wa Alhamisi. "Mpangaji" imeandikwa sawasawa mwanzo mpaka mwisho. Yaani wezi nimewahariria.

Hilo halijaisha, saa 12 na nusu nyuma ya ile nyumba baa ikafungulia muziki, vioo vya madirisha vinatetemeka. Mama akanigeukia, birika bado mikononi: "Ndiyo kimya chenyewe?" Sikuwa na jibu. Kirikuu nikalipa mara mbili.

Polisi nimekwenda, RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo, na wenzangu wawili wanazo za kwao. Sitaki mtu achomwe moto, mnanijua. Ila watu hawa kifungo hakiwatoshi. Wafungwe, warudishe hela, halafu walazwe miezi 6 nyuma ya ukumbi wangu huku, kila Jumamosi MC awataje kwa majina. Anayekula hela ya mtu inawezekana ana njaa. Anayekaa chini akamuuliza mtu mama yake anaamka saa ngapi, akijua atamlaza barabarani, huyo ana roho ya namna gani? Na yule wa kitenge ndiye namtaka zaidi, kwa ile "usiniamini mimi".

Dalili zilikuwepo, sikatai. Jina lililotokea kwenye simu nilipotuma hela lilikuwa la mwanaume, akasema ni la mwanawe. Nilitaka tuandikishane serikali ya mtaa, wakasema mwenyekiti yuko msibani, tutagonga muhuri wiki ijayo. Namba ya mita ya umeme, ya Luku, yule mama hakuijua, na mwenye nyumba gani haijui? Nilipoomba nije jioni mama aione, kila siku kulikuwa na sababu. Majirani sikuuliza hata mmoja. Hayo ndiyo ninayokumbuka, mengine yameliwa na hasira.

Kwa hiyo ukikutana na mtu mwenye mwanya anakwambia uhesabu hatua, awe Kimara, awe Mbagala kule Barabara ya Kilwa, mzungushe hapo hapo unipigie. Hata saa 8 usiku. Huku kwetu ukumbi unakuwa haujazima muziki, tuko macho wote wawili.