Vijana wa mitaro Kinango: niliwapima kwa mpira wangu wa maji

Mimi ni mwashi. Kazi yangu ni mawe na saruji, Mombasa hii hii, Kisauni mpaka Mtongwe, mwaka wa 23 sasa. Mtu akiniambia kitu chake kimekaa levo, siamini mpaka nipime mwenyewe. Natanguliza hilo ujue kazi hii imekaguliwa na macho ya namna gani.

Shamba ni la mama, ekari mbili na kitu, upande wa Kinango kaunti ya Kwale, limelala ubavuni mwa kilima. Tangu utotoni nalijua kwa jambo moja: mvua ikinyesha haikai. Yashuka mbio na udongo wa juu mpaka korongoni, na kesho yake ukikanyaga palipolimwa, pagumu kama sakafu. Ule ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo, mama alipanda yote mitano. Mbegu nilinunua mimi, trekta nililipa mimi, na nilichopata kurudi nacho Mombasa ni nusu gunia la kunde, mara moja. Nikamwambia mama tuache kulima, niwe namtumia pesa ya unga. Alininunia wiki nzima.

Yeye ndiye aliyewapata hawa vijana. Ni kikundi cha watu saba, wenyeji wa huko huko, wanaochimba mitaro ya kuzuia maji shambani kwa malipo. Hawana bango wala kadi. Unawauliza sokoni siku ya chete na mtu anakuonyesha. Bei yao ilikuwa Sh100 kwa mita moja ya mtaro, upana sentimita 60 na kina 60, kupima kukiwa ndani ya bei hiyo, na chakula cha mchana ni juu ya mwenye shamba. Walikuja, wakatembea shamba zima juu na chini, wakasema hapa mitaro mitatu, mita 60 kila mmoja. Yaani Sh18,000.

Nilicheka kwenye simu. Mita 60 kwenye mteremko, na hawana hata pimamaji? Nikavuka feri Likoni Ijumaa jioni, Septemba 2023, mpira wangu wa maji, ule wa kupimia levo, umo mkobani.

Nilichokuta ni boriti mbili zimefungwa pamoja kichwani, miguu imepanuliwa, na fito imekatiza katikati, kama herufi A. Kutoka juu yaning'inia kamba, na kwenye kamba jiwe. Nikasema kumbe! Timazi. Hawa wanatafuta usawa wa ardhi kwa timazi. Kiongozi wao, kijana mrefu mwenye fulana ya Bandari, akaona navyotazama, akanionyesha bila kuulizwa. Aliweka mguu mmoja juu ya kigingi na wa pili juu ya kigingi kingine, akasubiri jiwe litulie, akatia alama ya mkaa pale kamba ilipogusa fito. Kisha akaizungusha, mguu wa kulia ukaja kushoto, juu ya vigingi vile vile. Kamba ikagusa mahali pengine. Akatia alama ya pili, akapima katikati ya zile mbili, akachanja kwa kisu. "Kamba ikikaa hapa, fundi, miguu iko sawa."

Sasa, hivyo ndivyo sisi tunavyojua kama pimamaji inasema kweli: unaigeuza kichwa mkia na kuitazama tena. Nina vijana kazini hawajalishika hilo mpaka leo.

Walianza kutembeza ile A shambani kama bikari, hatua baada ya hatua, kila hatua kigingi. Mstari ukatoka umepinda, waingia, watoka, mithili ya nyoka. Mkono uliniwasha. Nikawaambia tuvute uzi tuunyooshe, itapendeza. Kijana akanijibu kwa adabu tu, "Ukinyoosha, fundi, patakuwa na bonde na maji yote yatakimbilia hapo." Nikanyamaza.

Walipokaa kula sima na mchunga, nikautoa mpira wangu. Una mita 20, kwa hiyo niliuhamisha mara tatu, mpwa wangu ameshika ncha ya pili. Kigingi cha kwanza na cha mwisho, mtaro wa juu kabisa: tofauti vidole viwili. Kwa mita 60! Kuna mafundi hunipotezea vidole viwili ndani ya chumba kimoja cha kulala.

Uchimbaji wenyewe ni sururu na beleshi, hauna maajabu, ila udongo wanautupa upande wa juu wa mtaro, si wa chini. Kazi ngumu hiyo, mgongo wauma mara mbili. Sababu ni kwamba lile tuta la juu lazuia udongo unaoshuka, wajikusanya nyuma yake mwaka baada ya mwaka, na mwisho shamba lajitengeneza ngazi lenyewe. Ndiyo fanya juu. Ukitupa chini ni fanya chini, rahisi kuchimba lakini ngazi haiji upesi hivyo. Ni ufundi uliosifika Machakos, Ukambani, na wataalamu wa udongo huko ng'ambo wameuacha na jina lake. Nimeona kwa macho yangu kwenye simu, vitabu vya Kiingereza vimeandika "fanya juu" vilevile, kama mtu anayeagiza chai. Huku kwetu kukavu mtaro wachimbwa sawa ili maji yakae yazame. Penye mvua nyingi huachiwa mteremko kidogo yapate kutoka.

Na hapo ndipo lawama yangu ilipo.

Novemba 2023 El Niño ilikuja, sina haja ya kumsimulia mtu wa Pwani. Mtaro wa kati ulijaa usiku, ukapasua tuta penye kona, ukaondoka na mita nane hivi za udongo na kunde za jirani wa chini. Hawakuwa wameweka mdomo wa kutolea maji yaliyozidi. Hata mmoja! Tangi lolote nililojenga lina bomba la kumwagia, hata la mzee asiyetaka kuongeza Sh300. Nilipowapigia wakasema mvua kama ile hawajapata kuiona. Sikubali. Mwenye kuchimba kwa ajili ya maji huhesabu pia siku yatakapozidi. Walirudi kuziba bila malipo, hilo nawapa, lakini baada ya siku tisa, na wakati huo mama alikwisha shindilia matawi na mabua kwa mkono wake. Midomo ya mawe nilikwenda kuipanga mwenyewe Desemba, kavu, bila saruji. Jirani tulimpelekea mbegu.

La pili dogo: wanauza pia vipando vya mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, vya kupanda juu ya tuta ili mizizi ishike udongo. Tulinunua, mbuzi wakala. Weka miiba kwanza ndipo ununue.

Mavuno ya mvua zile yalikuwa mazuri, lakini hata waliolala walivuna. Kipimo ni ule msimu uliofuata baadaye, mvua ilipokatika mahindi yakiwa kifuani. Nilikwenda kutazama. Kando ya kila mtaro palikuwa na ukanda wa kama hatua sita, mahindi yamesimama kijani. Ukitoka hapo kwenda katikati, baina ya mtaro na mtaro, yamejikunja kama ya kila mtu. Ukasoma shamba kama mkeka: mstari wa kijani, mstari wa manjano. Tulipata magunia mawili pungufu kidogo, na pojo. Jirani wa juu alilisha ng'ombe mabua. Kwa hiyo kazi yao yafaa, ila mitaro mitatu ilikuwa michache kwa mteremko ule, na wao ndio walioshauri mitatu. Nyota nne nilitaka kuwapa. Kwa mdomo na kwa hilo, tatu na nusu.

Mama naye ana lake, kwamba mitaro imemlia shamba. Amejilipa kwa kupanda migomba ndani yake, na inazaa.

Niseme jambo kwa wenzangu wa mjini mnaoona haya ni ya Wakinango. Maji ya Mombasa yatoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, yote nje ya kaunti yetu, na bwawa la Mwache linalojengwa ili tuongezewe liko huko huko Kinango. Korongo la shamba letu lamwagika mto Mwache. Mradi wenyewe una mabwawa madogo ya juu ya kunasa matope yasijaze lile kubwa. Udongo wa mama ulikuwa ukielekea kwenye jagi lako la Tudor.

Ukitaka kuwaita, waite Agosti kabla ya vuli au Februari kabla ya masika, maana wakishajaa kazi hawapatikani. Kubaliana mdomo wa maji kabla sururu haijainuliwa, na uwepo siku ya vigingi. Chakula kiwe cha watu saba kweli, wanakula.

Mimi nilikuwa bado nafikiria kuongeza. Juzi mama akanipigia: mtaro wa nne umekwisha, mita 55, mdomo umewekwa. Nadaiwa Sh5,500.